Taa ya Saa 24 Inawaka, Mlango Umefungwa

Katikati ya jiji ninaloishi, kaskazini mashariki mwa Marekani, upo mgahawa wa bati la chuma king'aacho ambao mwaka jana ulifanyiwa ukarabati mkubwa. Vigae vyeusi na vyeupe vya sakafuni vimerudishwa, viti vya duara vya kaunta vimevalishwa ngozi nyekundu mpya, na sanduku la muziki la kutumbukiza sarafu limewekwa kwenye kona, ingawa siku hizi linaendeshwa kwa simu. Juu ya mlango, taa ya neoni ya rangi ya waridi ingali inatangaza kwamba hapa huduma ni saa 24. Chini yake, kwenye kioo, imebandikwa karatasi iliyochapwa kwa kompyuta inayosema kwamba mgahawa hufungwa saa tatu usiku. Nilisimama mbele ya karatasi hiyo saa tisa usiku, mwezi wa Januari, nikitoka hospitalini kumpeleka jamaa yangu, nikatazama ndani kupitia kioo: kaunta imefutwa, birika za kahawa zimepinduliwa, na ile taa ikinimulika usoni. Niliporudi mchana nikauliza kwa nini haiondolewi, nikajibiwa kwamba wateja wanapenda kupiga nayo picha.

Migahawa ya namna hii, ambayo Wamarekani huiita daina, imekuwa ikiandikiwa tanzia tangu mwaka 2020, na tanzia hizo ziliongezeka Oktoba 2024, pale kampuni ya Denny's, iliyojijengea jina kwa kutofunga mlango wake, ilipotangaza kwamba ingefunga matawi yapatayo 150 kufikia mwisho wa mwaka 2025. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba ladha za watu zimebadilika, kwamba mayai, viazi vya kukaanga na kahawa nyepesi ni chakula cha wazee, na kwamba kinachoondoka ni mtindo wa enzi fulani ambao sasa unafaa kuhifadhiwa kwa heshima. Naona maelezo hayo yamekosea shabaha. Mtindo haufi hata kidogo. Unauzwa kwa bei kubwa kuliko wakati wowote, na mgahawa wa mtaani kwangu ni ushahidi. Kinachopotea ni saa za usiku, nazo ndizo zilizouzaa mgahawa huu. Zaidi ya hayo, nadhani mapenzi yetu kwa sura ya zamani yamerahisisha upotevu huo, kwa sababu maadamu neoni inawaka tunadhani tumeokoa kitu.

Historia yake inaanzia gizani. Mwaka 1872, katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island, mchuuzi aitwaye Walter Scott aliegesha gari la kukokotwa na farasi karibu na ofisi za gazeti la Providence Journal, akawa anawauzia chakula wachapaji na waandishi waliokuwa wakitoka kazini wakati mikahawa yote imeshafungwa. Mteja alisimama nje, akapokea chakula chake kupitia dirishani, akala akiwa barabarani. Miaka kumi na mitano hivi baadaye, huko Worcester, Massachusetts, Samuel Jones akatengeneza gari ambalo mteja angeweza kuingia ndani na kula bila kunyeshewa. Biashara ilishamiri kiasi kwamba baadhi ya miji ikayawekea magari hayo mipaka, yakitakiwa kuondoka barabarani asubuhi shughuli za mchana zinapoanza. Wenye magari nao, kwa werevu wa kichuuzi, wakatafuta viwanja, wakang'oa magurudumu, wakaendelea kuuza mchana na usiku. Yaani mchana ndio uliokuja kuongezwa juu ya usiku. Watu wengi hudhani kwamba daina ni mabehewa ya reli yaliyostaafu, na yapo machache ya aina hiyo, lakini mengi yalijengwa kiwandani kwa makusudi, yakasafirishwa yakiwa kamili, kaunta na majiko ndani yake. Kampuni ya Worcester Lunch Car iliyoanza mwaka 1906 ilitengeneza zaidi ya mia sita, na viwanda vya New Jersey vikatengeneza mengi kuliko hayo.

Hapa kuna jambo ambalo wapenda mtindo wa kale hulisahau, nalo linanichekesha kila ninapolifikiria. Wenye migahawa hii hawakuwahi kuwa watu wa kuukumbuka ujana. Chuma kisichoshika kutu, kona za mviringo na taa za neoni vilikuwa katika miaka ya 1930 na 1940 alama za usasa uliopitiliza; mwenye mgahawa aliyepata faida aliuza jengo lake la zamani kwa mwingine, akaagiza toleo jipya kama mtu anayebadilisha gari. Ilipofika miaka ya 1960, wakati chuma kilipoanza kuonekana ushamba, wengi wao wakiwa wahamiaji kutoka Ugiriki walikifunika kwa mawe, matofali na matao, wakarefusha orodha ya vyakula hadi ikawa kama kitabu. Ule mwonekano tunaouita wa kale ulirudishwa miaka ya 1980 na kampuni kama Johnny Rockets, iliyofunguliwa Los Angeles mwaka 1986, zikiuza kumbukumbu kwa watu ambao wengi wao hawakuwa na kitu cha kukumbuka. Mgahawa wa kale wa leo, kwa hiyo, ni mpya kuliko unavyojidai kuwa, na tangu ulipofufuliwa haukuwa na sababu ya kumfikiria mchapaji wa saa nane usiku.

Wapo wanaosema kwamba hata kama ni hivyo, hakuna cha kuombolezwa, kwa kuwa miaka ya 1950 inayosifiwa na migahawa hii ilikuwa miaka ya kuwafukuza watu Weusi kwenye kaunta. Hoja hii nzito isipuuzwe, hasa na msomaji wa Kiafrika, kwa sababu sehemu ya ushahidi wake inatuhusu sisi. Oktoba 1957, miezi michache baada ya Ghana kupata uhuru, Waziri wake wa Fedha, Komla Agbeli Gbedemah, alikataliwa kukaa na kunywa maji ya machungwa katika mgahawa wa kando ya barabara huko Dover, Delaware. Rais Eisenhower alilazimika kumwalika kifungua kinywa Ikulu ili kufuta aibu. Mwaka 1961 balozi wa Chad, Adam Malick Sow, alinyimwa huduma kwenye Barabara ya 40 huko Maryland akielekea Washington, na visa vya wanadiplomasia wa Kiafrika kufukuzwa kwenye njia hiyo vikawa vingi kiasi cha kuitia wasiwasi Wizara ya Mambo ya Nje. Hao walikuwa na pasipoti za kidiplomasia. Wamarekani Weusi waliokuwa wakipita barabara ileile hawakuwa na rais wa kuwaomba radhi. Wanafunzi wanne Weusi waliokaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth huko Greensboro, North Carolina, tarehe 1 Februari 1960, wakagoma kuondoka bila kuhudumiwa, walijua vizuri kuliko waandishi wa makala kiti cha kaunta kina maana gani.

Naikubali hoja hiyo yote isipokuwa hitimisho lake. Iwapo watu walikuwa tayari kumwagiwa sosi kichwani na kupelekwa jela kwa ajili ya kiti cha duara, basi kiti hicho kilikuwa na thamani isiyotokana na rangi ya ngozi yake. Kilikuwa mahali ambapo mtu mwenye senti chache mfukoni angeweza kuketi, akaangaliwa usoni, akaulizwa anataka nini. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilikifungua kiti hicho kwa wote, angalau kwenye karatasi, na kwa miongo iliyofuata yule aliyenufaika zaidi usiku wa manane ni mfanyakazi wa kima cha chini, ambaye mara nyingi alikuwa Mweusi au mhamiaji. Sehemu ya ile kaunta ya Greensboro sasa imo katika jumba la makumbusho la Smithsonian, na inastahili kuwa humo. Ila kaunta iliyo makumbusho haimhudumii mtu, na ninaogopa kwamba tunazigeuza zilizobaki kuwa vivyo hivyo, tofauti ikiwa tu kwamba hizi zinauza maziwa ya barafu.

Tulifikaje hapa? Jibu la haraka ni ugonjwa wa UVIKO-19, na kwa mwaka wa kwanza jibu hilo linatosha. Machi 2020 maduka ya Walmart, ambayo mengi yalikuwa hayafungwi, yalianza kufunga usiku. Tarehe 6 Mei mwaka huohuo treni za chini ya ardhi za New York, zinazotembea usiku na mchana tangu zilipoanza mwaka 1904, zilisimamishwa kati ya saa saba usiku na saa kumi na moja alfajiri ili zisafishwe. Lakini tazama kilichofuata. Treni zilirudi kwenye saa 24 tarehe 17 Mei 2021, kwa sababu ni mali ya umma na kwa sababu kulikuwa na watu wa kuzipanda. Hospitali hazikuwahi kufunga, maghala ya mizigo yaliongeza zamu, na viwanja vya ndege vikajaa tena. Mfanyakazi wa usiku alikuwepo kabla ya ugonjwa, akawepo wakati wa ugonjwa akipigiwa makofi madirishani, na yupo sasa. Mahali pake pa kula ndipo pasiporudi. Kama tatizo lingekuwa ugonjwa, au kukosekana kwa wateja, mambo haya mawili yangeenda pamoja.

Maelezo yenye uzito ni ya hesabu, na ni haki kuyaweka wazi kwa faida ya wenye migahawa, ambao mara nyingi hulaumiwa kama wachoyo. Zamu ya usiku haipungui chini ya watu watatu: mpishi, mhudumu na mwosha vyombo. Kwa kima cha chini cha jiji la New York cha mwaka 2025, yaani dola 16.50 kwa saa, mpishi na mwosha vyombo wa zamu yenye urefu wa saa nane waligharimu dola 264. Mhudumu, ambaye sheria ya mwaka huo iliruhusu alipwe dola 11 kwa kuwa anapokea bakshishi, aliongeza dola 88. Jumla ni dola 352 kabla ya gesi, umeme, bima na kodi ya pango. Mteja wa saa tisa usiku akitumia dola 15, wanahitajika wateja 24 ili kulipa mishahara tu, na bado hujanunua hata yai moja. Enzi za nyuma hesabu hii ilibebwa na walevi waliotoka kwenye mabaa, madereva wa teksi, na familia yenyewe: baba jikoni, mama kwenye sanduku la fedha, mtoto akifanya kazi ya shule kwenye meza ya pembeni. Watoto hao sasa ni mawakili na madaktari, jambo ambalo ndilo wazazi walilokuwa wakilikesha, na hakuna mwenye haki ya kuwadai warudi kukaanga viazi. Kiwanja nacho kimepanda thamani hadi ghorofa ishirini zinaonekana kuwa matumizi ya busara kuliko behewa moja la chuma.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo hata hivyo ndiyo husikika zaidi kwenye meza za migahawa yenyewe, ni kwamba siku hizi hakuna anayetaka kazi ya usiku. Haisimami hata kwa dakika moja. Jiji zima linasafishwa usiku, linaletewa mizigo usiku, linauguzwa usiku. Nawafahamu Watanzania na Wakenya wa kutosha hapa ambao hawajalala usiku wa siku ya kazi kwa miaka mingi, wakiwageuza wazee vitandani katika nyumba za kulelea wazee, na wengi wao wangefurahi kupumzisha migongo kwa kumimina kahawa iwapo malipo yangelingana. Wanachokataa watu ni kazi ya usiku yenye malipo ya mchana au pungufu, pamoja na hatari isiyolipwa. Katika majimbo mengi ya kusini sheria ya shirikisho ingali inaruhusu mhudumu alipwe dola 2.13 kwa saa, kiwango kisichobadilika tangu mwaka 1991, zilizobaki zikitoka kwenye bakshishi. Na bakshishi za saa kumi alfajiri, kila aliyewahi kuhudumu anajua, ni sarafu. Kusema kwamba watu hao ni wavivu ni kumlaumu aliyekataa kuuza kwa hasara.

Hoja ya programu za kuletewa chakula ina uzito kidogo zaidi, kwa maana ni kweli kwamba kijana mwenye njaa saa sita usiku anaweza kuagiza akiwa kitandani. Lakini programu zimekuwa zikikata kamisheni inayoweza kufika asilimia 30 kwa mgahawa, na tena zinadhani kwamba mteja ana mlango wa kuletewa. Dereva aliyeegesha kusubiri safari ya alfajiri hana mlango. Binti anayesubiri basi la kwanza hana. Mtu aliyepokea habari mbaya hospitalini na hataki kurudi nyumbani bado ana mlango, ila hataki kuwa nyuma yake. Kinachouzwa usiku katika daina ni kikombe cha kahawa chenye haki ya kukaa saa mbili, na hicho hakifungiki kwenye mfuko wa karatasi.

Kampuni ya Waffle House, iliyoanzia Georgia mwaka 1955 na yenye matawi yanayokaribia 2,000, hutajwa kama kielelezo kwamba usiku bado unawezekana, na kwa sehemu ni kweli. Kila anayeketi kaunta pale anaweza kuona inavyofanya kazi: mhudumu anapaza sauti, na mpishi, bila kuandika kitu, anapanga sahani mbele yake na kuweka alama kwa pakiti ndogo za jamu, siagi au haradali, kila moja na upande wake, ili asome oda kumi kwa kutupa jicho. Uthabiti wake umefikia hatua kwamba Craig Fugate, alipokuwa mkuu wa idara ya serikali kuu inayoshughulikia maafa, alikuwa akiyatumia matawi hayo kama kipimo baada ya kimbunga: kijani likipika orodha kamili, njano likipika sehemu, nyekundu likiwa limefunga. Ni sifa, lakini tazama ni nani anailipia. Wafanyakazi wake wameandamana kudai ulinzi wa usiku, na asubuhi ya Aprili 22, 2018, kabla hakujapambazuka, mtu mwenye bunduki aliwaua watu wanne katika tawi la viunga vya Nashville hadi mteja mmoja alipomnyang'anya silaha. Aliye tayari kuusifia mlango usiofungwa hana budi kumfikiria pia aliyesimama nyuma yake. Nyuma kidogo, Denny's ilipoamua mwaka 1988 kufunga siku ya Krismasi kwa mara ya kwanza, iligundulika kwamba matawi mengi hayakuwa na makufuli milangoni. Leo hata mimi nisingemshauri mtu afanye kazi mahali kama hapo.

Kwa hiyo swali la sera si la mapambo. Marekani ina utaratibu mzuri wa kulinda majengo. Mgahawa wa Modern Diner wa Pawtucket, uliojengwa mwaka 1941, uliingizwa katika rejista ya kitaifa ya mahali pa kihistoria mwaka 1978, wa kwanza wa aina yake. Utaratibu huo unalinda bati, hauulizi nani anakula ndani wala saa ngapi. Mwisho wake wa kusikitisha zaidi ni ule wa Moondance, uliokuwa mtaa wa SoHo, Manhattan, jijini New York: mwaka 2007, kiwanja kilipohitajika, mgahawa ulinunuliwa, ukapakiwa kwenye lori na kuvutwa zaidi ya kilomita 3,000 hadi La Barge, Wyoming, mji wenye watu wasiofika elfu moja, paa likaporomoka kwa theluji, ukafunguliwa, na mwaka 2012 ukafungwa. Kiliokolewa kila kitu isipokuwa wateja wake. San Francisco ilijaribu njia nyingine mwaka 2015, ikaanzisha mfuko unaozisaidia biashara za muda mrefu na kuwalipa wenye nyumba wanaowapa mikataba mirefu ya pango. Hapo ndipo ningeanzia, nikiongeza sharti la saa: anayefungua usiku kucha karibu na hospitali au kituo cha treni apunguziwe kodi ya jengo kwa kiasi kinachofidia mishahara ya zamu hiyo, na sehemu ya fedha hizo iende kwenye ulinzi na malipo ya mhudumu. Ni ruzuku, sikatai. Treni ya saa tisa usiku nayo ni ruzuku, na hakuna anayeiita hisani. Wanaojadili Kariakoo ya saa 24 huko Dar es Salaam wanaweza kuliangalia hili mapema, kwa sababu kamera na taa za barabarani hununuliwa mara moja, lakini mama lishe wa saa kumi alfajiri lazima hesabu yake ikubali kila siku.

Wakati huohuo, pale Providence, kila jioni gari la chakula la Haven Brothers huegeshwa kando ya ukumbi wa jiji, likaanza kuuza na kuendelea hadi usiku wa manane. Biashara hiyo ilianzishwa mwaka 1888 na mjane aliyetumia fedha za bima ya maisha ya mumewe, na wakati huo ilivutwa na farasi. Gari la sasa halina uzuri wowote wa kuandikia. Ndani viti ni vichache, wengi hula wamesimama kwenye ngazi, na hakuna mtu aliyewahi kulifanyia ukarabati wa kulirudisha kwenye hali ya kale, kwa kuwa halikupata nafasi ya kuacha kazi.